Ebrahim Hussein na Neno Lililomshinda Mwenyewe

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa kwetu mchezo wa kuigiza ni kitu gani, atakutajia Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi ambavyo KBC ilivionyesha miaka na miaka watu wakavunjika mbavu. Si vibaya. Lakini leo nataka tumjadili mtunzi aliyeanzia papo hapo penye kicheko, kisha akaenda mbali sana. Naye ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini ya Tanzania, mwaka 1943.

Michezo yake ya mwanzo aliiandika akiwa kijana wa chuo kikuu huko Dar es Salaam. Miwili kati ya hiyo, Wakati Ukuta na Alikiona, ilichapishwa pamoja mwaka 1970. Alikiona ni mambo ya mke, mume na hawara, kwa mtindo wa vile vichekesho vilivyokuwa vikichezwa katikati ya taarab. Wakati Ukuta ni habari za Tatu, msichana anayetaka kwenda sinema na mama hataki. Dada zetu wa Ukunda hawahitaji kuelezwa zaidi. Nisikae sana hapo, maana kitabu kilichompa jina ni kingine, Kinjeketile, kilichotoka mwaka 1969.

Ili tukielewe, kwanza historia kidogo. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika walikuwa wamechoka na Wajerumani waliowalimisha pamba kwa nguvu. Huko Ngarambe akatokea mganga aliyeitwa Kinjikitile Ngwale, akagawa maji ya dawa, na habari ikaenea kwamba aliyepata maji yale, risasi ya Mzungu haimdhuru. Wamatumbi, Wangindo, Warufiji na wengine, ambao awali hawakuwa kitu kimoja, wakaungana. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani walichoma mashamba na chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki, na wako wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa walifika 250,000 au zaidi. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mapema, Agosti 1905.

Hussein hakunakili historia hii kama tunavyonakili noti ubaoni. Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni (hata jina lina herufi iliyobadilika), na hauawi mapema, bali anaishi mpaka aone watu wakishindwa. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mganga halisi hakupata nafasi ya kuulizwa maswali. Huyu wa kwenye jukwaa anaulizwa, tena na rafiki zake.

Katika mchezo, Kinjeketile anapandwa na mzimu, anaingia mtoni, watu wanadhani amekufa. Anapotoka ana maji na ana maneno. Katika maneno hayo mmo jambo la ajabu: kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani Sultani wa Unguja. Mzimu unapomtoka, yeye mwenyewe anashtuka. Tumtoe Mjerumani ili tuwe chini ya Mwarabu? Msomaji wa Nairobi anaweza kuipita sehemu hiyo mbio mbio, lakini sisi wa Msambweni hatuwezi. Pale Gazi ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid, Mmazrui ambaye wazee wake walinyang'anywa Mombasa na huyo huyo Seyyid Said mwaka 1837, naye akapigana na masultani wa Unguja kabla hajapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Kwa hiyo Kinjeketile anapoanza kuwa na shaka na neno lake, sisi tunajua shaka hiyo inatoka wapi.

Lakini kashachelewa. Watu wamelishika neno, wanalitaka. Anawaambia wangoje, wajiandae kwanza, na hawataki kungoja. Neno limekuwa kubwa kuliko aliyelisema. Mwishoni, wakiwa wamefungwa na Wajerumani, Kitunda, aliyekuwa kiongozi wa vita, anamwomba akubali kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa. Sababu yake ni kwamba akikanusha, Mjerumani atawaambia watoto watakaozaliwa kuwa hata kupigania ardhi yao kulikuwa kosa.

Je, alifanya sawa? Swali hili kwetu Kwale si la mtihani tu. Mwaka 1997, kabla sisi hatujazaliwa, vijana walilishwa kiapo huko Kaya Bombo wakaambiwa kwamba hirizi zitawakinga na risasi. Tarehe 13 Agosti wakavamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha nyumba za watu waliotoka bara. Waliokufa katika ghasia zile walizidi 100, na maelfu wakahama. Waulizeni wazazi wenu taratibu, watawaambia. Tofauti ipo, tena kubwa: Wamatumbi walipigana na mtu aliyewatandika viboko, na hawa wa 1997 walimvamia jirani aliyekuwa akiuza nao sokoni. Lakini kijana aliyesimama mbele ya bunduki akiwa na hirizi ni yule yule. Ndiyo maana mimi niko upande wa Kitunda. Hoja ya Kinjeketile nzito, nakubali, lakini aliyejua ukweli ni yeye, na waliokufa ni wengine.

Baada ya hapo Hussein aliandika Mashetani (1971), iliyo ngumu, yenye vijana wawili, Juma na Kitaru, na chuki za ukoo baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Akaenda kusoma Berlin Mashariki, jiji alilofanyia kazi Bertolt Brecht, yule Mjerumani aliyetaka mtazamaji asizame katika mchezo bali akae macho akifikiri. Hussein alimaliza shahada ya udaktari mwaka 1975 kwa kuandika juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata ukatoka Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo msimulizi mmoja anatosha. Kumbe bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo zamani! Akisema "Paukwa" na wewe ukajibu "Pakawa", wote mnajua kuwa ni hadithi, na bado mnaogopa zimwi.

Arusi ilitoka 1980. Katika miaka hiyo ya 1980 aliacha kufundisha chuoni akakaa kimya Dar es Salaam. Kisha 1988 ikaja Kwenye Ukingo wa Thim, na safari hii mambo yalitoka Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui na ukoo wa mume wakashtakiana juu ya mahali pa kumzika hadi Mei 1987. Miezi mitano! Kwetu maiti hata haikai hadi kesho. Thim kwa Kijaluo ni pori, na mtunzi anatuonyesha watu waliosoma, wenye nyumba mjini, wakisimama ukingoni mwake.

Mwenzangu mmoja wa chama anashikilia kwamba Thim ni bora kuliko Kinjeketile, kwa sababu mle hakuna mganga wa kumlaumu: neno la mila lilisemwa na watu waliokufa zamani, na hakuna wa kuombwa alikanushe. Mimi sijakubali, ila jibu la kumpa bado ninalitafuta.