Darsa ya Ramadhani, Siku ya 17: Mwili Nao Una Haki Yake



Ndugu zangu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mnaosoma huku mkisubiri adhana. Ulimi na macho tumeshavizungumza siku zilizopita. Leo tuuzungumze mwili mzima, huu tunaoushindisha na njaa mchana na kuusimamisha tarawehe usiku, lakini hali yake hatuiulizi.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba ilizama karibu na Nungwi. Sina haja ya kuwasimulia. Hapa kwetu ni mtaa gani haukuguswa? Miili iliyopatikana ilikuwa karibu 200, na wengi wengine hawajaonekana mpaka leo. Tuliwasalia, tukasoma hitima, tukausiana subira.

Baada ya miezi kadhaa akanijia ndugu mmoja aliyenusurika. Akanambia: "Sheikh, mimi nasali, nafunga, na qadari ya Mwenyezi Mungu nimeikubali. Lakini nikisikia honi ya meli mikono inatetemeka, kifua kinabana, na usiku silali. Jee, imani yangu ina kasoro?" Nikamjibu haraka haraka: "Zidisha dhikri, uwe na subira." Akashukuru, akaenda zake. Hakuniuliza tena.

Neno nililompa lilikuwa la haki. Lakini yeye mwenyewe sikumsikiliza.

Miaka ikapita. Siku moja nasomesha sira, nikafika kwenye kisa cha pango la Hira, kisa nilichokisomesha mara nyingi. Nacho kilitokea mwezi huu huu wa Ramadhani. Mtume wetu (S.A.W.) alijiwa na Jibril, akabanwa mpaka akachoka, akarudi nyumbani moyo unampiga kwa nguvu. Huyu ndiye mbora wa viumbe, na mwili wake unatetemeka! Akaomba afunikwe. Bi Khadija (R.A.) hakuanza kumhoji. Alifunikwa mpaka khofu ikamtoka. Kisha ndipo akaeleza yaliyomfika, na Bi Khadija akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake kwa jamaa na kwa wanyonge. Baadae akampeleka kwa Waraqa, mtu mwenye elimu.

Hebu tazameni mpango wake: kwanza nguo ya kujifunika, halafu maneno ya kutuliza, halafu mjuzi. Mimi nilianza na maneno, na nikaishia hapo hapo.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kutetemeka si dalili ya kukosa imani. Nabii Yaqub (A.S.) tunamtaja kila tunapotaja subira njema, lakini Qur'ani inatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf. Moyo wake ulikuwa na subira, na huzuni hata hivyo ikapita mwilini.

Madaktari nao wanatueleza jambo hilo kwa njia yao. Mtu akiingiwa na khofu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi, ili apate kujiokoa. Hiyo ni rehema ya Mola wetu. Lakini khofu ikiwa kubwa mno, mwili huweza kuendelea kujihami hata baada ya hatari kuondoka. Akili inajua uko nchi kavu, mwili bado uko baharini.

Hapa kuna mtu atauliza: "Sheikh, mwili tukiusikiliza si utatwambia tule saa sita mchana?" Swali zuri. Kusikiliza si kutii. Mtoto akilia unamsikiliza kwanza, ujue analilia peremende au amechomwa na mwiba. Njaa ya alasiri ni peremende, ngoja, magharibi inakuja. Lakini mgonjwa wa sukari akitokwa na jasho jembamba na kizunguzungu, huo ni mwiba. Afungue, na akamuone daktari. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyengine. Na Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuma'nina. Yule aliyesali mbio mbio Mtume alimrudisha mara tatu. Leo kwenye sijida tulia mpaka kila kiungo kikae mahala pake. Sikia paji la uso linavyogusa mkeka.

Pili, ukipandwa na hasira, nasi tunajua saa za mwisho kabla ya futari zilivyo, fuata mafunzo: umesimama, kaa; bado, lala. Dawa imeanza na mwili.

Tatu, penye maumivu weka mkono wako na uombe dua, kama Mtume alivyomfundisha Uthman bin Abil-As. Vuta pumzi, itoe polepole kwa dhikri. Pumzi ndefu ya kutoka huusaidia moyo kupunguza mbio.

Nne, usingizi ukipotea wiki baada ya wiki, nenda hospitali. Tumeamrishwa kujitibu. Ruqya ni kheri na hatuikatai, lakini isiwe sababu ya kumchelewesha mgonjwa, wala tusiwe wepesi wa kusema "huyo ana jini" au "huyo ana wazimu".

Yule ndugu nilimfuata baadae nyumbani kwake. Nilimuomba radhi. Tukakaa barazani, tukanywa kahawa, sikumfundisha kitu. Mpaka akaanza mwenyewe, na akasema mengi ambayo miaka yote hakuna aliyemuuliza.

Kazi ya leo ni ndogo. Kila siku tunaulizana "u hali gani?" na tunajibu "Alhamdulillah" kabla swali halijesha. Baada ya tarawehe muulize mtu mmoja, mkeo, mumeo, mama yako, jirani aliyefiwa: "Unalala vizuri? Mwili unasemaje?" Halafu nyamaza, usubiri jibu la pili.

Ewe Mola wetu, warehemu waliozama na waliobakia, watulize wenye khofu, waponye wagonjwa wetu, na utupokelee funga zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.