Kisukari cha Aina ya Kwanza: Urithi na Mazingira

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziangamiza seli za kongosho zitengenezazo insulini. Jeni za HLA, zilizo katika kromosomu ya 6, hubeba sehemu kubwa ya hatari ya kurithi. Hata hivyo, watoto wa Ufini wameonekana kuugua takriban mara 6 zaidi ya majirani zao wa Karelia ya Urusi, ilhali jeni zao hizo zinakaribiana. Urithi pekee hauelezi tofauti hiyo. Miongoni mwa vinavyoshukiwa ni virusi vya Coxsackie B. Sukari ya chai haihusiki, ingawa akina mama wengi hujilaumu kwayo. Mtoto anayekojoa mno, mwenye kiu na anayekonda, apimwe sukari siku hiyohiyo, hata akidhaniwa ana malaria.