SOMO: LORI LINAPOCHEMSHA

Ndugu wafanyakazi,

Lori likichemsha kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tulizime, tungoje mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Katika nyanda hizi maji ya sufuriani huchemka kabla ya nyuzi 100. Ndani ya rejeta iliyofungwa hupita nyuzi hizo bila kuchemka. Ukifungua kifuniko mapema, yanakurukia usoni.

Injini ikipoa, tukague mipira, pampu ya maji na rejeta yenyewe. Maji yakipungua bila tone kuonekana chini, na oili ikageuka kama chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imeungua. Lori hilo livutwe, lisiendeshwe.

Msimamizi akituharakisha, tumjibu kwa umoja: mzigo hungoja, jicho halinunuliwi.