Gari Linapogonga Mbele na Usukani Kulegea: Tafuta Asili Kabla ya Kununua Spea



Wengi wetu hatuna gari la mtu binafsi. Tulilo nalo ni la kikundi, na mara nyingi ni Land Rover kuukuu yenye springi za vyuma bapa. Magari ya namna hii, yaitwayo Series, yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na yakakoma mwaka 1985, lakini mengine yangali yakibeba muhogo, nazi na maembe kutoka mashambani mpaka soko la Kongowea. Somo la mwezi huu ni la kumsaidia dereva na kamati ya kikundi kujua ubaya uko wapi, gari linapogonga mbele au usukani usiposhika vizuri.

YALIYOTUPATA LIKONI

Mwezi wa Mei mwaka 2022, gari la kikundi kimoja cha ng'ambo ya Likoni lilikuwa likigonga mbele kila lipitapo shimo. Fundi mmoja aliitwa. Bila kulala chini ya gari, akasema kwamba bolijointi zimekwisha. Zikanunuliwa zote sita kwa fedha iliyowekwa akiba ya mbegu. Mlio haukwisha.

Juma la pili, gari likiteremka kuingia feri, dereva alikanyaga breki. Mara gari likavuta upande wa kulia, walikokuwa wakipita watu wa miguu na mikokoteni. Lilisimama hatua mbili tu kutoka kwa mama mmoja aliyebeba mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya dereva, na sijasahau.

Gari lilipokaguliwa, nati za yubolti zilionekana zimelegea. Yubolti ni zile bolti zilizopindwa zinazofunga springi kwenye ekseli. Bolti ndogo ya katikati ya springi nayo ilikuwa imekatika, hata ekseli ikawa inasogea kila breki ishikapo. Dawa yake ilikuwa bolti na nati tu. Lakini fedha ya mbegu ilikuwa imekwisha kwenda, na wenzetu wengine walipanda wakiwa wamechelewa. Kosa halikuwa umaskini wa kikundi, bali kununua kabla ya kutafuta.

UULIZE MLIO: UNASIKIKA LINI?

Mlio ni kama shahidi. Ukiulizwa vizuri husema kweli. Dereva aandike majibu haya katika daftari la gari:

1. Ukigonga kila penye shimo, hata gari likienda moja kwa moja, angalia springi, bushi zake, shokabzoba na yubolti.

2. Ukigonga usukani unapozungushwa, hata gari likiwa limesimama, angalia bolijointi, vyuma virefu vinavyoungana nazo, na kisanduku cha usukani ambacho mafundi hukiita stelingi boksi.

3. Ukiwa ni mvumo unaoongezeka kwa kadiri ya mwendo, shuku beringi ya gurudumu au tairi iliyolika vibaya.

4. Ukigonga mara moja tu unapoachia klachi au unapoondoa mguu kwenye mafuta, angalia viungo vya propela ambavyo mafundi huviita krosi.

KWANZA TAZAMA KISHIKIO CHA MANJANO

Wako madereva waliopeleka gari kwa fundi, na kumbe gari halina ugonjwa. Katika Land Rover ya Series, kishikio cha manjano kikisukumwa chini, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Hilo ni jema katika matope ya Shimba Hills wakati wa masika. Lakini ukifika Kombani ukashika lami kuelekea Likoni, likiachwa hivyo usukani huwa mzito, matairi hulika, na katika kona gari hutikisika na kugonga. Sababu ni kwamba katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye lami hayawezi kuteleza kama kwenye matope.

Kukiondoa, simamisha gari kabisa. Vuta nyuma mpaka mwisho mkono wenye kishikio chekundu, kisha usukume mbele. Cha manjano kitaruka juu chenyewe. Ikiwa mlio umekwisha, hukupoteza hata senti moja.

Baada ya hapo pima upepo wa matairi, pande zote mbili sawasawa, na ukaze nati za magurudumu. Ondoa pia tope lililokauka ndani ya rimu. Tope la upande mmoja hulifanya gurudumu litetemeke kwa mwendo wa kasi, na watu hudhani usukani umeharibika.

UKAGUZI WA WATU WAWILI

Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele. Mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kukoma. Wewe angalia na kugusa kila kiungo, ukianzia kwenye stelingi boksi. Kutoka hapo kuna chuma kirefu kinachokwenda mbele mpaka kwenye rilei, iliyo ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. Kutoka rilei kuna chuma cha pili kinachokwenda gurudumuni. Chuma cha tatu, tairodi, huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kila chuma kina bolijointi mbili, jumla sita.

Kiungo kizima hupeleka mwendo papo hapo. Kiungo kibovu, upande mmoja husogea na wa pili ukachelewa. Hicho ndicho cha kubadilishwa, si vyote sita. Angalia pia kama stelingi boksi yenyewe inacheza mahali ilipofungwa. Ikiwa inacheza, kaza bolti zake kwanza.

Pima vilevile usukani unazunguka kiasi gani kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Andika kipimo hicho kwa sentimita. Mwezi ujao kikiwa kimezidi, jua kuna kitu kinacholika.

UKAGUZI WA JEKI

Breki ya mkono ya gari hili hushika propela ya nyuma, haishiki magurudumu yenyewe. Kwa hiyo weka vizuizi vya mti nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, kisha uiegemeze juu ya magogo imara. Usitumie matofali ya matumbawe, kwani hupasuka ghafula. Mtu asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki ya mguu, nawe ujaribu tena. Ikiwa mchezo umekwisha, ubaya ni beringi. Ikiwa mchezo ungali upo, ubaya ni kingipini, yaani mhimili ambao gurudumu hugeukia. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, na hukuepusha na ubishi wa fundi.

Kisha shika gurudumu kushoto na kulia. Likicheza hivyo tu, rudi kwenye bolijointi. Mwisho lizungushe kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, fungua beringi uitazame.

CHUMVI NA MAJI

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo pale springi inaposhikana na chesisi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa, au hubonyea. Osha chini ya gari kwa maji baridi kila juma.

Fungua pia skurubu ya kupimia oili katika kile kibumba cha mviringo kilicho nyuma ya gurudumu la mbele. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili imekwisha. Ukiacha, kingipini zitalika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

LINI GARI LISIENDE BARABARANI

Gari lisitoke ikiwa yubolti imelegea, bolijointi inataka kuchomoka, jani kuu la springi limevunjika, au gari linavuta upande breki inaposhikwa. Gari kama hilo ni hatari kwenye mteremko wa feri ya Likoni, ni hatari katika msongamano wa daraja la Nyali, na ni hatari pia kati ya malori ya Changamwe na Miritini. Gunia la muhogo likilala siku moja, hasara yake hulipika.

Fundi akibadilisha ncha za tairodi, magurudumu hayana budi kupimwa upya. Katika Series, sehemu ya mbele ya magurudumu hukaribiana kuliko sehemu ya nyuma kwa milimita 1.2 mpaka 2.4. Yubolti zikikazwa, zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi. Na kamati isitoe fedha ya spea mpaka fundi ameonyesha kwa mkono kiungo kinachocheza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Usukani umekuwa mzito mara baada ya kutoka matopeni. Utatazama nini kwanza?

2. Gurudumu linacheza juu na chini, na breki ikikanyagwa linatulia. Kibovu ni nini?

3. Kwa nini breki ya mkono haitoshi gari linapoinuliwa kwa jeki?

Msomeeni dereva wenu somo hili, kisha mfanye ukaguzi huu pamoja kabla ya safari ijayo ya sokoni.