Kozi ya Mtandaoni ya Kuhifadhi Majengo ya Kale: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Anza na ukuta. Wiki ya kwanza, mwanafunzi wa usanifu majengo ajue nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imejengwa kwa nini: mawe ya matumbawe, udongo, chokaa, na boriti za mikoko. Aelewe kuwa vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua upana. Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale usubiri. Akiusoma kabla ya kuujua ukuta ataukariri tu.

Usiharakishe somo la saruji. Lipe wiki mbili nzima. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, jiwe humomonyoka nyuma ya uso unaoonekana mzima, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza. Mwenye nyumba husifu kazi mpaka siku dari inaposhuka. Asiyeweza kulieleza hili kwa mchoro asipewe cheti.

Usilitumie jengo la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe kama picha ya jalada. Lilijengwa mwaka 1883, limo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walikufa. Mwanafunzi aanze kazi hii akijua hilo.

Mtoe nje. Kila moduli imalizike kwa kupima na kuchora kwa mkono jengo moja la mjini kwake, awe Lamu, Bagamoyo au Tabora. Usipokee modeli ya kompyuta iliyotokana na picha za simu peke yake: kamera ya simu huona uso wa ukuta, haioni kilichooza ndani.

Video zisizidi dakika kumi, na zipakulike. Bando ni ghali.

Mwite fundi wa chokaa afundishe, na umlipe kama mhadhiri. Usimweke dakika tatu kama pambo. Aonekane akizima chokaa, akikoroga, akieleza kwa nini lipu mpya hulowanishwa isikauke upesi. Kiswahili chake kisifunikwe na sauti ya mkalimani. Boriti, daka na baraza ni istilahi za taaluma hii.

Usitunge mtihani wa kuchagua herufi. Mpe mwanafunzi picha za ukuta wenye ufa na madoa ya unyevu, aandike atachunguza nini kwanza. Anayeanza na rangi arudie kozi.