Pikipiki ya Tajiri au Pikipiki Yako? Piga Hesabu Kwanza



Siku moja mama mmoja, mhitimu wa kisomo kutoka upande wa Serengeti, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe alikuwa dereva wa bodaboda kwa mkataba. Kila siku ya kazi alimpelekea tajiri shilingi 10,000, na baada ya miezi 14 pikipiki ingekuwa yake. Akalipa miezi 11. Mwezi wa 12 akaugua malaria, akalala wiki mbili. Alipoinuka, tajiri alikuwa amechukua pikipiki yake na kumpa kijana mwingine.

Mama hakuniomba nimsomee. Alisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno: "Dereva asipoleta hesabu siku tatu mfululizo, chombo kitarudi kwa mwenyewe." Akaniangalia. "Mwalimu, kumbe yamo humu humu."

Nikamuuliza kijana kama hakuyaona maneno hayo. Akajibu, "Niliangalia ile elfu kumi tu."

Tukipiga hesabu, 10,000 kwa siku 26 za kazi kwa miezi 11 ni shilingi 2,860,000. Fedha hizo zilikwenda zote. Kwa hiyo leo tujifunze jambo hili, maana Tarime na Serengeti vijana wengi wanatafuta riziki kwa pikipiki, na wazee wengi wanaombwa wauze ng'ombe ili pikipiki inunuliwe.

NJIA TATU ZA KUENDESHA

Jina bodaboda lilianzia mpakani. Huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, watu wa baiskeli walibeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Sisi wa Sirari tunaielewa habari hiyo bila kuelezwa. Siku hizi ni pikipiki, na dereva anaweza kufanya kazi kwa njia tatu.

Ya kwanza ni HESABU. Pikipiki ni ya tajiri, na huenda anazo tano au kumi. Wewe unampelekea kiasi mlichopatana kila siku, na kinachozidi ni chako. Kwa kawaida matengenezo makubwa na bima ni juu ya tajiri.

Ya pili ni MKATABA. Unapeleka hesabu kubwa zaidi kwa miezi mliyopatana. Ukimaliza, pikipiki inakuwa yako. Lakini mara nyingi matengenezo yote ni juu yako tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni PIKIPIKI YAKO. Umenunua mwenyewe. Hakuna anayekudai jioni. Lakini ikiharibika, ikiibiwa au ikigonga, ni wewe.

TUPIGE HESABU

Chukua daftari na kalamu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za kijiwe chenu.

Tuseme kwa siku dereva anakusanya shilingi 22,000. Mafuta ni 7,000. Zinabaki 15,000. Tuseme anafanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Dereva wa hesabu anapeleka kwa tajiri 8,000. Zinabaki 7,000. Mara siku 26, anapata shilingi 182,000.

Dereva wa mkataba anapeleka 10,000. Zinabaki 5,000. Mara siku 26 ni 130,000. Toa oili, tairi, cheni na fundi, tuseme 40,000. Anabaki na shilingi 90,000.

Mwenye pikipiki yake ana 15,000 mara siku 26, yaani 390,000. Toa matengenezo 40,000. Toa na akiba ya bima na leseni 10,000. Anabaki na shilingi 340,000.

Hapo vijana wengi hufunga daftari na kusema, "Basi, ninunue!" Ngoja kwanza, hesabu haijaisha.

FEDHA YA KUNUNULIA INARUDI LINI?

Tuseme pikipiki ni shilingi 2,800,000. Mzee anauza ng'ombe wanne, kila mmoja 700,000.

Mwenye pikipiki anamzidi dereva wa hesabu kwa 340,000 toa 182,000, yaani 158,000 kwa mwezi. Gawanya 2,800,000 kwa 158,000. Jibu ni karibu miezi 18. Maana yake ni kwamba kwa mwaka mmoja na nusu wale ng'ombe bado hawajarudi zizini. Pikipiki ikiibiwa mwezi wa sita, kilichorudi ni 948,000 tu, na 1,852,000 zimepotea. Hata ile faida ya kila mwezi ni mpaka aiweke. Akiila yote, baada ya miaka mitatu atakuwa na pikipiki chakavu na zizi tupu.

Tena ng'ombe naye ana hesabu yake. Anazaa, anatoa maziwa, anavuta plau. Kwa hiyo mzee, kama ni lazima uuze, usiguse ng'ombe wa kulimia. Pikipiki ikilala kwa fundi wakati wa kulima, na plau nayo ikilala, nyumba itakula nini?

MVUA INAPONYESHA

Sasa tuangalie masika. Barabara zetu nyingi za vijijini ni za udongo. Mvua kubwa ikinyesha, magurudumu yanazama na abiria wanabaki nyumbani. Tuseme siku tano za kazi zimepotea. Zinabaki siku 21.

Dereva wa hesabu, kama tajiri hadai siku za mvua, anapata 7,000 mara 21, yaani 147,000. Amepungukiwa, lakini anaishi.

Mwenye pikipiki yake ana 15,000 mara 21, yaani 315,000. Toa zile 50,000 za matengenezo na akiba. Anabaki na 265,000.

Dereva wa mkataba naye ana 315,000. Lakini tajiri anadai siku zote 26, yaani 260,000. Toa na matengenezo 40,000. Zinabaki shilingi 15,000. Elfu kumi na tano kwa mwezi mzima! Mwezi huo hawezi kulisha watoto. Atakopa, au ataendesha usiku akiwa amechoka, au atapakia abiria watatu. Ajali nyingine zinaanzia hapo.

Je, basi mkataba ni mbaya? Hapana. Asiye na ng'ombe wala akiba anaweza kupata chombo kwa njia hiyo. Miezi 14 ya mkataba ni shilingi 3,640,000. Ukitoa bei ya pikipiki, 840,000 ni malipo ya kukopeshwa. Si bure, lakini mtu anaweza kukubali akiwa macho wazi. Ubaya uko kwenye mkataba usiosomwa.

Tena ipo njia nyingine ambayo vijana hawaifikirii. Dereva wa hesabu anapata 92,000 zaidi ya dereva wa mkataba kila mwezi. Akiziweka kwenye VICOBA au SACCOS kwa miezi 14, atakuwa na 1,288,000. Hazitoshi pikipiki mpya, lakini ni zake. Akiugua malaria, hakuna wa kumnyang'anya.

MKATABA UWE NA NINI?

Usiweke sahihi wala dole gumba kabla hujasoma mstari wa mwisho. Kama haraka ni nyingi, sema, "Nitakwenda nayo nyumbani nisome." Tajiri mwema hatakataa. Angalia kama haya yameandikwa:

1. Majina kamili ya tajiri na dereva.
2. Namba ya pikipiki, namba ya injini na namba ya chesisi.
3. Fedha yote itakayolipwa, kiasi cha kila siku, na tarehe ya kumaliza.
4. Siku za mapumziko, za mvua kubwa, za ugonjwa na za gereji. Je, zinadaiwa au zinasogezwa mbele?
5. Nani analipa matengenezo, na nani analipa bima.
6. Pikipiki ikiibiwa au ikipata ajali, hasara ni ya nani.
7. Mkataba ukivunjika kabla ya mwisho, fedha iliyokwisha kulipwa itakuwaje.
8. Lini kadi itahamishwa kwa jina la dereva.

Namba 7 ndiyo iliyomtia hasara yule kijana. Kwake yaliandikwa maneno ya kuchukua pikipiki tu. Kuhusu fedha yake, hakukuwa na hata neno moja.

Fanyeni nakala mbili. Wekeni sahihi mbele ya mashahidi wa pande zote mbili na mbele ya mtendaji wa kijiji. Kisha uwe na daftari la malipo: tarehe, kiasi, sahihi ya aliyepokea. Ukituma kwa simu, usifute ujumbe. Siku ya ugomvi, mahakama ya mwanzo itauliza ushahidi.

KAMA UNANUNUA MWENYEWE

Jambo la kwanza ni kadi. Kadi ya usajili hutolewa na TRA, na jina lililomo ndilo linalomtambulisha mwenye chombo. Mzee, kama ng'ombe ni wako, mpatane mapema jina gani litaandikwa, na mama wa nyumba awepo.

Ukinunua iliyotumika, linganisha jina la kwenye kadi na la muuzaji. Linganisha namba ya injini na ya chesisi zilizoko kwenye chuma na zilizoko kwenye kadi. Zikitofautiana hata tarakimu moja, acha. Kisha kadi ihamishwe kwa jina lako TRA. Sisi tunaoishi karibu na Sirari tujihadhari pia na pikipiki ya bei rahisi iliyovushwa bila kulipiwa ushuru. Ikikamatwa, fedha yako imekwenda.

Jambo la pili ni bima. Bima ndogo humlipa mtu uliyemgonga. Haikulipi wewe pikipiki yako ikiibiwa. Bima kubwa ndiyo inayoweza kukulipa, kwa masharti yaliyoandikwa. Uliza, halafu soma.

Jambo la tatu, awe nani mwenye pikipiki, ni leseni ya udereva ya pikipiki, kibali cha kubeba abiria, na kofia ngumu mbili: yako na ya abiria.

Na kama fedha haitoshi, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mkopo usio na riba nao ni deni, kwa hiyo upigieni hesabu hiyo hiyo.

TUAMUE VIPI?

Kijana anayeanza, asiyejua bado kijiwe kinaingiza kiasi gani, aendeshe kwa hesabu. Kwa muda wa miezi miwili aandike kila jioni: makusanyo, mafuta, hesabu, fundi, kilichobaki. Siku ya mvua aandike sifuri. Daftari hilo ndilo litakalosema kama kuna fedha ya kulipia mkataba, au kama ng'ombe wauzwe. Maneno ya kijiweni yasiamue, maana pale kila mtu husimulia siku aliyopata, na siku aliyokosa hunyamaza.

Kijana wa yule mama sasa anaendesha kwa hesabu, kwa tajiri mwingine. Kila jioni anaandika, na Jumapili mama yake anakagua daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwenu, dereva wa hesabu akiugua, tajiri hufanya nini?
2. Mwanao anataka uuze ng'ombe wanne. Utamwuliza maswali gani matatu kabla ya kujibu?
3. Ni sharti gani katika yale manane ambalo matajiri wengi hawapendi kuliandika? Kwa nini?

ZOEZI LA HESABU

1. Dereva anakusanya 22,000 kwa siku. Mafuta ni 7,000 na hesabu ni 7,000. Kwa siku 26 anabaki na shilingi ngapi?
2. Mkataba ni 9,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 16. Dereva atalipa jumla ya shilingi ngapi? Pikipiki dukani ni 2,800,000. Amelipa zaidi kwa kiasi gani?

Majibu: (1) 208,000. (2) 3,744,000, zaidi ni 944,000.