Abiria Asiyeonekana: Injini Katika Hewa ya Mlima Meru

Mtu anunuapo pikipiki Dar es Salaam na kuipeleka Arusha, aghalabu hushangazwa na jambo moja katika safari yake ya kwanza ya kupanda mlima. Chombo kile kile kilichopanda kwa wepesi vilima vya Pugu sasa kinasitasita katika njia ya udongo iendayo Ilkiding'a au Sambasha. Mkono wa mafuta umezungushwa hadi mwisho, lakini mwendo hauongezeki. Mlio wa injini ni mzito. Dereva hana budi kurudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Hapo huanza kufikiri kwamba amedanganywa dukani, au kwamba fundi ameharibu kitu.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya wala aliyeharibu. Mwinuko wa barabara ni sehemu tu ya maelezo, kwa maana hata kama vilima vya Pugu vingekuwa na mwinuko ule ule, pikipiki ingevipanda kwa kasi zaidi. Sababu nyingine imo katika hewa yenyewe. Ni kana kwamba katika kila safari ya Arusha pikipiki imepakia abiria mmoja zaidi, asiyeonekana na asiyelipa nauli. Katika somo hili tutamtambua abiria huyo, tutampima uzito wake, na kutazama njia za kumshusha. Mwalimu anaweza kulitumia pamoja na mada za kanieneo, kazi, nishati na nguvu.

Injini hupumua

Petroli haiungui peke yake. Ili gramu 1 ya petroli iungue barabara, huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachoingia ndani ya injini, kwa uzito, ni hewa wala si mafuta. Dereva anaweza kujaza tangi apendavyo, lakini hewa hawezi kuijaza. Hupewa ile tu iliyopo mahali alipo.

Tuchukue injini ya sentimita za ujazo 150, ya aina inayotumiwa na madereva wengi wa bodaboda. Katika injini ya mipigo minne, pistoni huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, itavuta hewa mara 3,500. Kama silinda hujaa kabisa kila mara, ujazo wa hewa iliyovutwa ni:

150 × 3,500 = sentimita za ujazo 525,000, yaani lita 525 kwa dakika.

Ujazo huu haubadiliki, injini iwe Tanga, Arusha au juu zaidi. Kinachobadilika ni uzito wa hewa iliyomo ndani ya lita hizo 525.

Hewa ya mlimani

Tunaishi chini ya bahari ya hewa. Kadiri tupandavyo, ndivyo hewa iliyobaki juu yetu inavyopungua, na ndivyo kanieneo yake inavyopungua. Pwani, kanieneo ya hewa ni karibu milibari 1,010. Katika jiji la Arusha, lililo kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,400, ni karibu milibari 860. Katika kituo cha Miriakamba (mita 2,514), ambapo wapandaji wa Mlima Meru hulala usiku wa kwanza, ni karibu milibari 755. Kileleni (mita 4,562) hubaki karibu milibari 590 tu.

Mwanafunzi wa Arusha anaweza kuona jambo hili bila kuacha darasa. Achemshe maji na kuyapima kwa kipimajoto: yatachemka kwenye nyuzi za Selsiasi 95 hivi, wala si 100. Au afunge kizibo cha chupa tupu ya plastiki akiwa Arusha, kisha mtu aipeleke Dar es Salaam. Chupa itafika imebonyea, maana hewa ya pwani imeibana kutoka nje.

Baridi ya mlimani hupunguza hasara hiyo kidogo, kwa kuwa hewa baridi hujikusanya kuliko hewa moto. Tukichukua joto la nyuzi 30 Dar es Salaam, 20 Arusha, 12 Miriakamba na 0 kileleni, uzito wa lita 1 ya hewa huwa kama ifuatavyo:

Dar es Salaam: gramu 1.16
Arusha: gramu 1.02
Miriakamba: gramu 0.92
Kilele cha Meru: gramu 0.75

Tukiita hewa ya Dar es Salaam asilimia 100, basi Arusha hupata asilimia 88, Miriakamba 79, na kilele 65. Pungufu ya hewa ni pungufu ya petroli inayoweza kuungua, na pungufu ya petroli inayoungua ni pungufu ya nguvu.

Kumpima abiria

Katika fizikia, nguvu ni kazi inayofanywa katika sekunde moja. Tuseme pikipiki yetu hufikisha kilowati 8 kwenye gurudumu la nyuma ikiwa pwani. Kwa uwiano tuliokwisha upata, Arusha itakuwa na kilowati 7, Miriakamba 6.3, na kileleni 5.2. Kwa kweli hasara huzidi kidogo hapo, kwa kuwa msuguano wa ndani ya injini haupungui pamoja na hewa, lakini kwa somo letu makadirio haya yanatosha.

Sasa tuipakie. Pikipiki kilo 125, dereva kilo 70, abiria kilo 70 na mkungu wa ndizi pamoja na vifurushi kilo 35: jumla kilo 300. Njia inapanda mita 20 katika kila mita 100. Kani inayoivuta nyuma ni:

300 × 9.8 × 0.2 = nyutoni 588.

Tuongeze nyutoni 112 kwa ajili ya ukinzani wa magurudumu katika barabara ya udongo; tunapata nyutoni 700. Kasi ni nguvu kugawanywa kwa kani. Hivyo pwani pikipiki ingepanda mwinuko huo kwa mita 11.4 kwa sekunde, yaani kilomita 41 kwa saa. Arusha ingepanda kwa mita 10, yaani kilomita 36 kwa saa. Katika kimo cha Miriakamba ingepanda kwa kilomita 32, na katika kimo cha kilele, kama pangekuwa na barabara, kwa kilomita 27.

Tuligeuze swali. Je, pikipiki iliyoko pwani ingelazimika kubeba uzito gani ili ipande polepole kama ile ya Arusha? Kani zote mbili tulizozijumlisha hukua kadiri uzito unavyokua, kwa hiyo jibu ni rahisi:

300 × 8 ÷ 7 = kilo 343.

Tofauti ni kilo 43. Huyu ndiye abiria wetu asiyeonekana: huko Arusha ana uzito wa mwanafunzi mwembamba wa Kidato cha 1. Katika kimo cha Miriakamba amekua na kufikia kilo 81, mtu mzima aliyeshiba. Katika kimo cha kilele ana kilo 161, yaani watu wawili.

Je, hesabu hii ni ya kweli?

Msomaji makini atauliza kama mambo huwa hivyo nje ya daftari. Jaribio maarufu lilifanywa mwaka 1918 nchini Marekani. Mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege ya aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha mita 4,302. Injini hiyo, iliyotoa nguvu za farasi 350 kwenye usawa wa bahari, ilitoa 230 tu mlimani. Hiyo ni karibu asilimia 66, nasi tumekadiria asilimia 65 kwa kilele cha Meru, ambacho ni kirefu kidogo kuliko mlima huo.

Moss hakupanda mlima ili kuona hasara tu. Alichukua pia kifaa kilichotokana na wazo ambalo Mswisi Alfred Büchi alilipatia hataza mwaka 1905: moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu lenye mapezi, na gurudumu hilo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Kifaa hicho huitwa tabo. Kilipofungwa, injini ile ile, juu ya mlima ule ule, ilitoa nguvu za farasi 356.

Leo wazo hilo limefika hata katika vyombo vya michezo. Katika milima ya Kanada na Marekani watu huendesha pikipiki za theluji, zenye mbao mbili za kutelezea mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma badala ya magurudumu. Chombo cha Ski-Doo kilianza kuuzwa mwaka 1959 huko Quebec, nacho hukumbana na abiria yule yule wa Meru: theluji nene ipo juu, na juu hewa ni haba. Mwaka 2019 kampuni ya BRP ilitangaza Ski-Doo Summit 850 E-TEC Turbo, iliyoahidiwa kutoa nguvu za farasi 165 hadi kimo cha futi 8,000, yaani mita 2,438. Nguvu hizo ni sawa na za injini ya aina hiyo isiyo na tabo ikiwa kwenye usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, tabo hapa haikukusudiwa kumpa mwendeshaji nguvu mpya, bali kumrudishia zile ambazo mlima ulimnyang'anya. Mtu aliyezoea mashine ya kawaida huona tofauti mara moja: apandapo, injini haizimii pumzi. Hata hivyo ahadi hiyo ina mpaka. Kama chombo hicho kingeletwa Meru, mpaka wake ungefikiwa mita 76 kabla ya Miriakamba, na kutoka hapo hata tabo isingeweza kufidia hewa yote iliyokosekana.

Ipo njia nyingine, nayo ni kutopumua kabisa. Mota ya umeme haiunguzi kitu, hivyo haihitaji oksijeni. Mwaka 2018 gari la umeme la Volkswagen I.D. R, likiendeshwa na Romain Dumas, lilipanda barabara ya Pikes Peak kwa dakika 7 na sekunde 57, na kuwa chombo cha kwanza kumaliza mashindano hayo chini ya dakika 8. Kwa sababu hiyo hiyo, pikipiki ya umeme ikija Arusha kutoka Dar es Salaam humwacha abiria asiyeonekana njiani. Swali linalobaki ni la betri na mahali pa kuichaji.

Faida ya elimu hii kwetu

Kufunga tabo kwenye pikipiki ndogo si jambo la gharama nafuu. Lakini mambo matatu yamo katika uwezo wa mtu wa kawaida.

Kwanza, asome karatasi ya muuzaji kwa akili. Nguvu iliyoandikwa pale ni ya hewa nzito ya usawa wa bahari. Anayenunua chombo cha kupanda miteremko ya Meru na apunguze asilimia 12 au zaidi kabla ya kulipa.

Pili, amwone fundi juu ya kabureta. Hewa inapokuwa nyepesi, kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi kinachotakiwa, na mchanganyiko huzidi mafuta. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi iliyoshika masizi na tangi linaloisha upesi. Fundi aweza kufunga jeti yenye tundu dogo zaidi. Lakini pikipiki hiyo ikirudishwa pwani, jeti nayo irudishwe. La sivyo petroli itakuwa chache mno na injini itapata joto kupita kiasi. Pikipiki zinazonyunyiziwa petroli kwa mitambo ya kielektroniki hujirekebisha zenyewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, apunguze mzigo. Dereva anayepakia abiria wawili na mikungu ya ndizi kupanda mlima amesahau kwamba wa tatu amekwisha panda. Injini ikizimika katikati ya mwinuko mkali, pikipiki hurudi nyuma pamoja na wote waliomo kabla dereva hajaimudu. Fundi hawezi kumshusha abiria huyo, na petroli zaidi haimshushi. Kilo 36 zikipunguzwa katika mzigo wetu wa kilo 300, pikipiki hupanda Arusha kama ilivyopanda pwani.

Mazoezi

1. Pikipiki na vyote vilivyomo ina kilo 240. Tafuta uzito wa abiria asiyeonekana akiwa Arusha na akiwa katika kimo cha Miriakamba.

2. Kwa kutumia lita 525 kwa dakika, tafuta gramu za petroli zinazoweza kuungua barabara kwa dakika moja Dar es Salaam na Arusha.

3. Tafuta kazi inayohitajika kuinua kilo 300 kutoka mita 1,400 hadi mita 1,900. Je, kazi hiyo ingebadilika kama hewa ingekuwa nzito zaidi? Kama haibadiliki, ni nini kinachobadilika?

4. Mpandaji wa Meru anayepumzika siku moja njiani huona nafuu kesho yake, lakini injini iliyopumzika siku moja haioni nafuu yoyote. Eleza tofauti hiyo.